Kusoma Ndani ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kabatini. Mtu akisikia atadhani nimewakimbia polisi. Ni kabati la nguo tu, lile la ukutani chumbani kwetu. Nimetoa rafu ya chini, nimeweka stuli, nimetundika makoti ya mume wangu, Baba Bosi, kushoto na kulia ili sauti isirudi. Maikrofoni mbele, maandishi kwenye simu, mlango umefungwa. Joto. Natoka humo nikinuka sabuni na jasho kwa pamoja. Ndiyo ofisi.

Kazi yenyewe naipenda hadi naona haya kuisema. Kampuni ya vitabu inatengeneza vitabu vya shule vya kusikiliza, kwa ajili ya watoto wasioona. Sayansi, madarasa yote ya msingi. Msomaji ni mimi. Ukikosea unapiga kofi moja mbele ya maikrofoni, unarudia sentensi tangu mwanzo. Fundi sauti, ambaye naye anafanyia kazi kwake, kwenye kompyuta yake analiona lile kofi kama mwiba mrefu. Anafuata miiba, anakata sentensi iliyotangulia kila mwiba, basi. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliwaza: laiti na mengine yangekuwa hivi. Unapiga kofi, unarudia, mtu mwingine anakata.

Leo nimesoma sura ya udongo. Nilipotoka Bosi alikuwa amekaa sakafuni na dada wa kazi, karibu na mlango wa kabati. Akaniangalia kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Ana mwaka na miezi kadhaa, bado hajaanza kusema, ila anatoa amri kwa kidole — ndiyo maana ni Bosi, na mimi nimekuwa Mama Bosi hadi kwa muuza maziwa. Nikamnyanyua. Akamgeukia dada. Siku nyingine huniganda mpaka siwezi kwenda msalani. Leo hapana.

Sijui nishukuru kwamba ametulia, au nifanye nini.

Jumanne, 4 Machi

Jirani wa ghorofa ya juu amegonga asubuhi. Ana mzigo unaletwa, nimpokelee, yeye anawahi kazini. "Wewe si upo tu?" Nikasema nipo.

Nipo tu. Maneno hayo yamenikaa mchana kutwa kama unyuzi wa nyama kwenye jino. Nikiwa kabatini sipo kwa Bosi. Nikiwa na Bosi sipo kwa mhariri. Mahali pekee ambapo nipo kweli, inaonekana, ni kwa mzigo wa jirani. (Ulikuja wakati nasoma. Nilitoka. Nikaanza aya upya.)

Jioni nilikuwa namsimulia Bosi habari za kuku aliyekataa kuoga. Nikateleza kwenye neno. Bila kufikiri nikapiga kofi, nikarudia sentensi tangu mwanzo, kwa sauti ileile. Baba Bosi alicheka hadi akaweka sahani chini.

"Mama Bosi, hapa hakuna fundi wa kukukatia."

Bosi akapiga kofi naye. Nikarudia sentensi. Akapiga tena. Nikarudia. Yule kuku hakufika popote, lakini tulicheka wote watatu. Kumbe ilikuwa siku nzuri. Huwa sizitambui hadi ziishe.

Alhamisi, 6 Machi

Mhariri amepiga simu.

"Mdogo wangu, moyo uko wapi?"

Sikumwelewa. Nilidhani ananisema kwamba sina moyo na kazi. Alimaanisha sura ya viungo vya mwili. Amesikiliza faili iliyotoka kwa fundi: damu inatajwa, halafu ghafla tuko kwenye mapafu. Sentensi inayosema moyo unafanya nini haipo. Akarudi kwenye udongo, akakuta mashimo. Akaenda kwenye maji, mashimo. Akasema: mtoto anayeona akikuta ukurasa umechanika ataazima kitabu cha jirani yake. Huyu wetu hata hatajua kwamba kuna kitu kimechanika.

Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu naipenda kazi hii, na ndiyo hiyohiyo alikuwa ananipiga nayo.

Kisha, kwa upole uleule: yupo msomaji mwingine, anaweza kuchukua mfululizo wote. Au nije studio mimi mwenyewe, asubuhi hadi jioni, hadi katikati ya mwaka. "Studio ina kuta, mdogo wangu. Wewe una makoti." Anataka jibu Jumamosi ya wiki ijayo.

Lakini moyo niliusoma! Naukumbuka. Niliusoma polepole kwa sababu nilipenda ulivyosikika.

Nikampigia fundi sauti papo hapo.

"Sista, mimi nakata penye kofi. Kama hukupiga kofi, sikati."

Nikamuuliza hasikii kwamba sentensi haijarudiwa?

"Nikianza kusikiliza maana nitamaliza lini? Mimi naangalia miiba."

Nikamwita mvivu. Hakukasirika. Alinishauri nipumzike kidogo, akasema hata mke wake alikuwa hivyo baada ya mtoto. Hivyo vipi? Sikumuuliza. Nilikata simu nikabaki nimeishika kama kitu kilichoniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja. Safari ya saa kadhaa, na amefika kabla ya chakula cha mchana, maana yake aliondoka kukiwa bado giza. Baba Bosi alimweleza yote jana kwa simu. Hakuniuliza. Anasema alikuwa "anamsalimia tu, habari zikatoka."

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Si mtu mbaya. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja kunawa mikono, akamchukua Bosi, na Bosi akamwekea kichwa begani kama aliyekuwa akimngoja tangu wiki iliyopita.

"Binti yangu, nipe mjukuu hadi umalize vitabu vyako. Kwangu kuna uwanja, kuna kivuli, kuna mimi. Kabati sina."

Baba Bosi akacheka. Mimi nikatabasamu, kwa adabu.

Akasema yeye alipopata kazi ya ualimu alimpeleka Baba Bosi kwa mama yake hadi akaanza darasa la kwanza. "Nililia, sikudanganyi. Lakini mwone. Hayupo?" Akamwonyesha kwa kidevu. Baba Bosi, mdomo umejaa mkate, akainua mkono kuthibitisha kwamba yupo.

Nikasema nitafikiri, Mama. Akasema fikiri, mwanangu, kufikiri hakukatazwi. Akatandika kitanda cha Bosi upya ingawa nilikuwa nimekitandika.

Alipoondoka nikamuuliza Baba Bosi yeye anataka nini. "Lolote utakaloamua, mimi niko nyuma yako." Nikamwambia nyuma kumejaa watu, nahitaji mtu mbele. Hakuelewa. Nilipotulia, hata mimi sikuelewa nilimaanisha nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimejiuliza kwa utulivu, kama mtu aliyesoma: unataka nini?

Nataka kumaliza vitabu. Nataka Bosi asiende popote. Nataka pia siku moja niamke kwenye nyumba tupu, nisome hadi koo likauke, nisitazame mlango. Hili la tatu sijamwambia mtu. Si kwamba lilinijia nikiwa nimechoka. Lilinijia nikiwa nimelala vizuri.

Chuoni niliandika tasnifu nzima kuhusu sauti ya msimulizi. Nilipata alama za juu. Haina hata ukurasa mmoja unaofaa leo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata moyo.

Dada wa kazi alikuwa jikoni akimlisha Bosi. Nikavaa hedifoni, nikafungua rekodi ghafi, ile kabla haijaguswa na fundi. Nikatafuta. Ndiyo mimi: "Moyo unasukuma damu kwenda sehemu zote za mwili." Safi kabisa. Halafu — pa.

Kofi. Si langu. Langu liko karibu na maikrofoni, kavu. Hili lina mbao ndani yake. Ni kiganja kwenye mlango wa kabati. Na mimi, bila hata kuvuta pumzi ya ziada, naendelea: "Mapafu nayo..."

Nikarudi nyuma. Nikaenda mbele. Nikafungua udongo, nikafungua maji. Yuko kila mahali. Tena ana adabu, hanikatizi. Anangoja sentensi iishe, ninyamaze, kisha pa. Anangoja. Naendelea. Anangoja tena. Kuna mahali amepiga mwishoni mwa sentensi nne mfululizo, halafu akaacha. Mahali pale alipoacha ndipo nilipovua hedifoni.

Fundi alifanya kazi yake. Aliona miiba, akakata. Kila mwanangu aliponiita, sentensi moja ilitolewa kitabuni.

Lakini hilo silo linalonizungusha. Linalonizungusha ni kwamba nilikuwa mle ndani. Upande wa pili wa ubao! Nikisoma sivai hedifoni, masikio yalikuwa wazi. Nasikia bomba la jirani likifunguliwa, nasikia pikipiki ya chini, nasimama hadi ipite. Yeye sikumsikia. Hakuna aliyenifundisha kutomsikia. Nilijifunza mwenyewe, na nikafaulu, kama nilivyofaulu vingine.

Nikamuuliza dada wa kazi kama alikuwa akimwona.

"Ndiyo. Anakupigia mlango. Mimi nilidhani mmeambizana. Wewe unasoma, yeye anapiga."

"Kwa nini hukumtoa?"

"Nikimtoa analia. Na wewe Mama Bosi ulisema asilie."

Nilisema. Ni kweli nilisema.

Je, alikuwa ananiita? Au alidhani ni mchezo, kama ule wa kuku, kwamba akipiga nitarudia? Labda alifurahi. Labda hakuwa na huzuni hata kidogo na huzuni yote ni yangu. Nimemtazama akila. Hana habari. Ana uji kwenye nyusi.

Nimemwomba fundi radhi kwa ujumbe. Amejibu: "Kwa hiyo mkataji ni yeye. Mwambie aje tugawane kazi, mimi nimeelemewa." Nimecheka peke yangu, halafu nikajishangaa nacheka.

Mhariri pia nimemweleza. Alicheka, sana, hadi akakohoa. Kisha akasema:

"Sasa tunajua tatizo si wewe. Lakini tatizo linaishi kwako, mdogo wangu."

Jibu bado ni Jumamosi.

Jumatano, 12 Machi

Jana na leo nimejaribu. Dada wa kazi alimpeleka Bosi nje, mimi nikaingia kabatini kusoma upya sura ya viungo. Kimya kizuri. Sikukosea hata neno. Nikatuma kwa fundi nikiwa na fahari.

Mchana akapiga.

"Sista, leo hakuna miiba, nakupongeza. Ila nafasi baina ya sentensi zimekuwa ndefu. Unamaliza, halafu unakaa. Unangoja nini?"

Nikamwambia nilikuwa navuta pumzi. Akasema hiyo si pumzi, pumzi anaijua. Atazibana, hakuna shida.

Nimesikiliza. Ni kweli. Mwisho wa kila sentensi kuna shimo la kutosha mtu kupita.

Kwa hiyo akiwepo simsikii, asipokuwepo namsubiri. Nani anaweza kufanya kazi na mtu kama huyo? Na huyo ni mimi.

Dada wa kazi amerudi amechoka. Bosi alikataa kutembea, akakataa kuketi, akataka kubebwa na kurudishwa nyumbani njia nzima. "Mama Bosi, kesho siwezi tena. Mgongo huu si wa kukodisha." Amesema akicheka, lakini amesema. Kwa hiyo njia hiyo nayo imefungwa, na nilikuwa nimeifungua jana tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesema. Nilikuwa naosha vikombe.

"Aende."

Baba Bosi akauliza nina uhakika? Nikasema sina. Akasubiri. Nikasema basi aende wiki mbili, tuone. Nirudie sura zote zenye mashimo, halafu tuone. Kabla sijakausha mikono alikuwa ameshampigia mama yake. Alizungumza akitembeatembea. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia. Sikujua alikuwa amelibeba. Kwa nini hakusema kwamba naye amebeba? Au alisema, nami nilikuwa kabatini.

Mama mkwe atakuja Jumamosi, na gari la kukodi, ili mtoto asisukumwe njiani.

Nimemwambia mhariri. "Hilo ni jibu la wiki mbili. Mimi niliuliza la miezi." Atanipigia Jumamosi kabla ya mchana, anataka kusikia neno moja tu kuhusu studio, ndiyo au hapana.

Bosi leo kasema kitu kama "mba". Dada anadai ni mama. Baba yake anadai ni baba. Mimi nilikuwepo na sina hakika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga begi lake alipolala mchana. Nilidhani nitalia juu ya kila soksi. Wapi. Nilifungua droo, nikakunja, nikapanga, nikavuta zipu. Mikono ilijua, mimi nilikuwa nikiwaza sura ya mwanga na kivuli.

Nimeliweka begi karibu na mlango. Nimepita mbele yake jioni nzima bila kulitazama.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefika mapema. Dereva hakutaka kuingia, yuko chini, anafuta vioo. Mama mkwe kaja na taulo jipya lenye kofia, la mjukuu. Akataka kulitia begini. Akafungua.

Akatoa suruali iliyokuwa juu. Akaitazama, akamsimamisha Bosi, akamshikia kiunoni. Miguu ya suruali ikaburuta sakafuni. Bosi akaikanyaga, akafurahi. Mama mkwe akatoa nyingine. Ndefu vilevile. Akatoa fulana, ikamfika magotini. Akatoa viatu, vile alivyoletewa zawadi na shangazi yake, vya mtoto anayekimbia. Bosi hajakaza hata hatua zake.

"Binti yangu, hizi si za mwakani?"

Nikasogea. Begi zima. Hakuna hata nguo moja inayomtosha leo. Zote ni zile za droo ya juu, nilizoziweka hadi akue. Nimezikunja vizuri sana. Soksi nimezipanga rangi kwa rangi.

Baba Bosi akanitazama. Sijawahi kumwona akinitazama hivyo, kama mtu anayesoma sentensi asiyoielewa na anarudi mwanzo wake.

Nikasema watoto wanakua haraka.

"Kwa wiki mbili?" Mama mkwe hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kushika. Alikunja suruali moja moja, taratibu, akaziweka juu ya kochi, si begini. Akazishika kwa kiganja, kana kwamba zitapeperuka.

Halafu akasema: "Haya. Nenda kamletee za leo."

Nimekuja chumbani. Nimefunga mlango. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nifungue droo ya chini.

Nimeshaifungua. Zipo. Zote. Ile ya njano yenye doa la karoti, suruali mbili zilizopauka magoti kwa kutambaa, fulana yenye kifungo kisichofungika. Hakuna iliyoondoka mahali pake.

Nilimfungia nani begi? Nilitaka aende akakae hadi zile zimtoshe? Hilo la tatu, nililoliandika Jumapili — ndilo lililofunga zipu? Au mikono ilitaka hizi ndogo zibaki hapa, asiwe na cha kuvaa huko, arudishwe kesho? Yote mawili yanaingia akilini. Nayageuza, nayageuza. Ningekuwa nasahihisha insha ya mtu mwingine ningejua.

Simu inatikisika kitandani. Ni mhariri. Imeacha. Imeanza tena.

Chini dereva amewasha gari. Baba Bosi anaongea naye kutoka dirishani, nasikia akimwambia bado kidogo tu, kuna kitu kinatafutwa.

Mama mkwe anaita kutoka sebuleni: umezipata, mwanangu?

Nimejibu bado, Mama.

Ziko mapajani mwangu.